Namna ya Kuthibitisha kwamba Protini Inayoongoza Jeni Inausaidia Mmea Kustahimili Ukame

Mwanafunzi anayeanza utafiti wa ukame katika mimea hukutana mapema na picha inayojirudia katika makala nyingi za fani hii. Upande wa kushoto kuna vyungu vya mimea iliyonyauka na kulala chini, upande wa kulia kuna mimea iliyosimama ikiwa na majani ya kijani, na maelezo yaliyo chini ya picha yanasema kwamba mimea ya kulia imeongezewa jeni ya protini fulani inayoziongoza jeni nyingine. Picha hiyo hushawishi, na mara nyingine ni ya kweli. Lakini mara nyingine mimea ya kulia imebaki hai kwa sababu tu ni mifupi na ina majani machache, hivyo ilikuwa bado haijayamaliza maji ya chungu chake wakati mimea ya kushoto ilipokuwa imekwisha kuyanywa yote. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo tangu kuchagua jeni hadi kupima shambani, kwa utaratibu utakaokuwezesha kutofautisha mambo hayo mawili. Nimeegemea zaidi mfano wa jeni ya DREB1A ya mmea uitwao Arabidopsis thaliana, kwa kuwa karibu kila kosa linaloweza kufanywa katika kazi hii limekwisha kuonekana katika historia ya jeni hiyo na ndugu zake.

Ifahamu njia inayopitiwa na habari ya ukame

Protini ongozi, ambazo vitabuni huitwa pia protini za unukuzi, huingia katika kiini cha seli na kushika vipande vifupi vya DNA vilivyo jirani na mwanzo wa jeni, na kwa kufanya hivyo huamua kama jeni hiyo itanukuliwa kuwa RNA mjumbe au itakaa kimya. Jenomu ya Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii moja na kabichi na sukumawiki, ilichapishwa mwaka 2000 ikaonyesha kwamba mmea huo una zaidi ya jeni 25,000, na kwamba zaidi ya 1,500 miongoni mwake ni za protini za namna hii. Kabla hujagusa hata mbegu moja, chora kwenye karatasi njia ambayo habari ya dhiki unayoitafiti hupitia hadi kuifikia protini yako, kwa maana protini hizi hazingojei dhiki kwa namna moja, na jaribio linaloifaa moja linaweza kuificha nyingine kabisa.

Katika ukame, njia inayojulikana zaidi ni ile ya homoni iitwayo asidi ya absisiki. Homoni hii hukusanyika katika seli zinazopungukiwa na maji, kisha hushikwa na vipokezi vya kundi la PYR na PYL, vilivyotambuliwa mwaka 2009. Kipokezi kilichoshika homoni huzizuia protini za PP2C, ambazo wakati wa neema huwa zimezifunga breki kinasi za kundi la SnRK2, yaani vimeng'enya vinavyopachika fosfeti kwenye protini nyingine. Breki ikiachiliwa, kinasi hizo huzitia fosfeti protini ongozi za kundi la AREB, nazo huanza kuziamsha jeni zenye mfululizo wa ACGTGG katika promota zake, yaani kile kipande cha DNA kinachotangulia jeni na kuongoza unukuzi wake. Zingatia kwamba katika njia hii protini ongozi inaweza kuwa ilikuwapo tangu awali ikiwa imelala, na kinachobadilika si wingi wake bali hali yake.

Njia ya pili haihitaji asidi ya absisiki, na humo ndimo zilimo protini za DREB. Hizi hushika mfululizo ambao kitovu chake ni CCGAC, unaopatikana katika promota za jeni nyingi zinazoamshwa na baridi, ukame na chumvi. Maabara ya Kazuko Yamaguchi-Shinozaki na Kazuo Shinozaki nchini Japani ilizieleza DREB1A na DREB2A mwaka 1998, mwaka mmoja baada ya kundi la Michael Thomashow nchini Marekani kuieleza protini ya ukoo huohuo iliyopewa jina la CBF1. Ndiyo sababu msomaji wa makala za zamani hukuta DREB1A na CBF3 zikitajwa kana kwamba ni vitu viwili, ilhali ni jeni moja yenye majina mawili, kila maabara ikiwa imeupa ukoo huo jina lake. Kwa asili DREB1A huamshwa na baridi na DREB2A huamshwa na ukame na chumvi; hata hivyo, kwa kuwa zote mbili hushika mfululizo unaofanana, DREB1A iliyolazimishwa kufanya kazi wakati wa ukame huziamsha jeni nyingi zinazofaa ukame pia.

Joto kali lina njia yake, nami nitaitaja kwa ufupi. Protini ongozi za HSF hukaa zikiwa zimeshikwa na protini walezi za HSP70 na HSP90. Joto linapozivuruga protini nyingine za seli, walezi hao hukimbilia kuzinusuru, na HSF zikiachwa huru huenda kuziamsha jeni za kutengeneza walezi zaidi.

Chagua jeni, na uitaje dhiki kwa jina lake kamili

Neno ukame peke yake halitoshi katika daftari la mtafiti. Kuna ukame wa ghafla, kama ule wa kuling'oa jani na kuliacha mezani likauke kwa saa mbili. Kuna ukame wa polepole wa udongo unaokauka kwa wiki mbili. Na kuna ukame wa mwisho wa msimu, unaoukuta mtama au mahindi yakiwa yanatoa maua. Jeni inayoamka katika hali ya kwanza inaweza isiwe na maana yoyote katika ya tatu, kwa hiyo andika mapema ni ukame upi, katika umri gani wa mmea, na kwa kasi gani, kisha utafute jeni inayolingana na hayo.

Familia za protini ongozi zinazohusishwa mara kwa mara na dhiki ni AP2/ERF, ambamo DREB zimo, pamoja na NAC, bZIP, MYB, WRKY, HD-Zip na HSF. Usiamini jina la familia kuwa ni ushahidi wa kazi. Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao unatoka kwenye mpunga na mafuriko. Jeni ya SUB1A, iliyotambuliwa mwaka 2006 katika mpunga wa asili ya Odisha nchini India uitwao FR13A, ni ya familia ya ERF. Mpunga uliofunikwa na maji huitumia kuuzuia urefu, kutunza wanga na kungoja, hata ukaweza kuvumilia kuzama kwa takriban wiki mbili. Miaka mitatu baadaye jeni za SNORKEL1 na SNORKEL2 zilielezwa katika mpunga wa maji ya kina kirefu, nazo ni za familia hiyohiyo, huamshwa na homoni ileile ya ethileni, lakini huufanya mmea urefuke kwa haraka ili majani yafike juu ya maji. Dhiki ni moja, familia ni moja, na majibu yanapingana. Aliyetabiri kazi ya jeni kwa kuangalia ukoo wake peke yake angekosea nusu ya mara.

Ukishapata jeni unayoishuku, tafuta pia ndugu zake wa karibu katika jenomu, maana DREB1A, DREB1B na DREB1C zimekaa mfululizo kwenye kromosomu ya nne ya Arabidopsis, na zinafanana kiasi kwamba kuiondoa moja kunaweza kufidiwa na zilizobaki. Ukiwafahamu ndugu hao mapema hutashangaa baadaye utakapoiondoa jeni na mmea ukaonekana haujali.

Pima kama jeni inaamka, na uangalie saa

Otesha mimea yote katika chumba kimoja, kwa mwanga na joto lilelile, kisha igawe katika kundi la dhiki na kundi la ulinganisho. Chukua sampuli mara kadhaa: kwa dhiki ya ghafla anza na dakika 15, kisha saa 1, saa 3, saa 6, saa 12 na saa 24; kwa udongo unaokauka polepole, chukua kila siku au kila siku ya pili, ukiandika na uzito wa chungu. Protini ongozi nyingi huamka mapema na kunyamaza mapema, na RNA ya jeni za DREB1 huonekana ndani ya takriban dakika 15 tangu baridi ianze, ilhali jeni zinazoongozwa nazo hufuata saa chache baadaye. Aliyechukua sampuli moja ya saa 24 anaweza kuandika kwa moyo mkunjufu kwamba jeni haihusiki.

Kosa ambalo wengi hulifanya hapa ni la saa ya siku. Mimea ina saa ya ndani inayoongoza jeni nyingi, na imeonyeshwa kwamba jeni za CBF, yaani zile za DREB1, huitikia baridi kwa nguvu zaidi baridi ikianza saa nne baada ya mapambazuko kuliko ikianza saa kumi na sita baada yake. Kwa hiyo kila sampuli ya dhiki lazima iwe na sampuli yake ya ulinganisho iliyokatwa kwa wakati uleule, na si sampuli moja tu ya asubuhi ya kulinganishwa na zote. Hatua hii inaongeza kazi na gharama mara mbili, na ndiyo maana huachwa. Lakini ikiachwa, unachokipima kinaweza kuwa ni mchana na usiku.

Majani yakatwe na kutumbukizwa papo hapo katika naitrojeni ya kimiminika, kisha yahifadhiwe katika nyuzi 80 chini ya sifuri. Baada ya kuitoa RNA, iondolee mabaki ya DNA kwa kimeng'enya cha DNase, na ukague usafi wake. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa na sampuli kwenye nanomita 260 kwa 280 unaokaribia 2.0 ni dalili njema, ingawa hauonyeshi kama RNA imekatikakatika, jambo ambalo linahitaji kuonekana kwenye jeli. Geuza RNA kuwa DNA nakala, kisha upime kwa PCR ya wakati halisi, mashine inayozidisha DNA mzunguko kwa mzunguko na kuonyesha inapoanza kuonekana, ukitumia jeni rejea, yaani za kulinganishia, angalau mbili ambazo wewe mwenyewe umezithibitisha kuwa hazitikiswi na dhiki unayoitumia. ACTIN2 imezoeleka, lakini mazoea hayathibitishi kitu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme katika mmea wa dhiki jeni yako imeonekana kwenye mzunguko wa 22 na jeni rejea kwenye wa 18, tofauti ni 4. Katika mmea wa ulinganisho jeni yako imeonekana kwenye mzunguko wa 27 na jeni rejea kwenye wa 18, tofauti ni 9. Toa 9 kwenye 4 upate hasi 5, na kwa kuwa kila mzunguko mmoja ni takriban maradufu, jeni imeamka mara 2 kwa kipeo cha 5, yaani mara 32. Hesabu hiyo hudhani kwamba PCR inazidisha kwa ufanisi kamili, hivyo pima ufanisi wa vianzio vyako (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) kwa sampuli iliyopunguzwa mara kumi kumi kabla ya kuuamini mwisho wake. Marudio yanayohesabika katika takwimu ni mimea tofauti iliyooteshwa mbalimbali. Kurudia kuipima sampuli ya mmea mmoja katika mirija mitatu kunakuonyesha tu kama mkono wako umetulia.

Hata ukipata mara 32, usishangilie bado. DREB2A ni funzo kubwa katika hili: watafiti walipoizidisha jeni nzima katika Arabidopsis, mimea haikubadilika kwa kiasi cha maana, kwa sababu protini yake ina sehemu ya takriban asidi amino 30 inayosababisha ivunjwevunjwe wakati hakuna dhiki. Sehemu hiyo ilipoondolewa, protini ikadumu, jeni za ukame zikaamka, na mimea ikastahimili. RNA ilikuwapo muda wote. Kilichokosekana ni protini iliyo hai. Ukiweza kupata kingamwili ya protini yako, yaani molekuli inayoitambua na kuishika hiyo peke yake, au ukiiunganisha na kitambulishi kinachotambulika na kingamwili za dukani, ipime protini yenyewe sambamba na RNA.

Thibitisha kwamba protini inaigusa DNA unayoidai

Hatua hii naipita kwa haraka kwa kuwa taratibu zake zimeelezwa vizuri katika miongozo ya maabara. Mbinu ya kwanza ni kuchanganya protini na kipande cha DNA kilichowekwa alama na kuviendesha kwenye jeli, ambapo DNA iliyoshikwa husafiri polepole. Jaribio hilo halina thamani bila vipande viwili vya ulinganisho, kimoja kisicho na alama kinachoshindania nafasi, na kingine ambacho kitovu chake cha CCGAC kimebadilishwa. Protini ikikishika hicho cha pili pia, basi inashika kila kitu. Mbinu ya pili ni kuigandisha protini juu ya DNA ndani ya mmea ulio hai kwa formaldehaidi, kuivuta kwa kingamwili, na kukisoma kipande ilichokishikilia. Ya kwanza inaonyesha kwamba protini inaweza kushika, ya pili inaonyesha kwamba inashika kweli ndani ya seli, na ukilazimika kuchagua moja kwa sababu ya fedha, chagua ya pili.

Iondoe jeni, kisha iongeze, na uchague promota kwa uangalifu

Anza kwa kuiondoa. Mbegu za Arabidopsis zilizovurugwa jeni mojamoja kwa kupachikwa DNA ya bakteria hupatikana katika hazina ya mbegu ya Ohio nchini Marekani na ile ya Nottingham nchini Uingereza, na kuziagiza ni nafuu kuliko kuzitengeneza. Tumia koo mbili, yaani nasaba mbili za mimea, zilizovurugwa mahali tofauti ndani ya jeni ileile, kisha irudishie mimea hiyo jeni nzima uone kama inarejea katika hali yake. Bila hivyo huwezi kujua kama dosari uliyoiona imetokana na jeni yako au na kipande kingine kilichopachikwa mahali usipopajua. Ikiwa jeni ina ndugu wa kuifidia, itabidi kuziondoa kadhaa kwa pamoja, na kwa jeni zilizokaa mfululizo kama zile za DREB1, kuzalisha kwa kupandanisha ni karibu kazi bure kwa kuwa hurithiwa pamoja, hivyo mkasi wa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, ndio unaofaa.

Kuongeza jeni katika Arabidopsis hufanywa kwa kuyachovya maua katika mchanganyiko wa bakteria Agrobacterium tumefaciens waliobebeshwa jeni, kisha mbegu zinazovunwa huoteshwa kwenye agari yenye kiuavijasumu ili zibaki zile tu zilizoipokea. Katika kizazi cha pili tarajia robo tatu ya miche ya ukoo mmoja iishi, uwiano unaoashiria kwamba jeni imeingia mahali pamoja. Katika cha tatu chagua koo ambazo miche yake yote huishi. Beba angalau koo tatu zilizopatikana kila moja peke yake hadi mwisho wa utafiti, na kwa ulinganisho tumia ndugu wa koo hizo ambao hawakuirithi jeni, waliovunwa siku moja na kuhifadhiwa mahali pamoja, kwa maana mbegu iliyokaa miezi sita zaidi huota kwa kasi tofauti, na tofauti hiyo huonekana kama kazi ya jeni.

Sasa tufikie promota, ambapo mfano wa DREB1A una uzito wake wote. Watafiti walipoifunga jeni hiyo nyuma ya promota ya virusi iitwayo 35S, inayoiamsha jeni mchana na usiku katika karibu kila seli, mimea ilistahimili ukame, chumvi na baridi ya kugandisha, lakini katika hali ya kawaida, yenye maji ya kutosha, ilidumaa vibaya. Mwaka 1999 maabara ileile ya Japani ilichapisha njia ya kulitatua hilo: waliifunga DREB1A nyuma ya promota ya jeni iitwayo rd29A, ambayo huwa imetulia wakati wa neema na kuamka wakati wa dhiki. Mimea hiyo ilikua karibu sawa na mingine ilipomwagiliwa, na ilipopatwa na dhiki ilistahimili vizuri zaidi kuliko ile ya 35S. Uzuri wa chaguo hilo ni kwamba promota ya rd29A yenyewe ina mfululizo unaoshikwa na DREB, hivyo dhiki ikianza, DREB1A inayotengenezwa huisukuma promota yake iendelee kufanya kazi.

Kwa maoni yangu, tangu hapo haipaswi tena kuwa sahihi kuchapisha madai ya ustahimilivu yanayotegemea 35S pekee. Tumia 35S kama chombo cha kutafutia jeni lengwa ukipenda, lakini kwa swali la ustahimilivu tumia promota inayoamshwa na dhiki, au inayofanya kazi katika seli fulani tu, kama seli linzi za stomata, yaani vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke. Mmea unaolipia dhiki ambayo haijafika hudumaa, na mmea uliodumaa ndio unaoleta ile picha ya udanganyifu niliyoanza nayo.

Pima ukame bila kudanganywa na udogo wa mmea

Sehemu hii ndiyo inayoamua thamani ya kazi yote, na haihitaji mashine ya gharama. Mizani, oveni na subira vinatosha. Andaa vyungu vya ukubwa mmoja na ujaze kila kimoja udongo mkavu wa uzito uleule, si wa ujazo uleule kwa kukisia macho. Mwagilia hadi maji yatiririke, acha chungu kichuruzike, kisha kipime. Tuseme chungu pamoja na udongo mkavu kina gramu 80 na kikishashiba maji kina gramu 180. Basi kinabeba gramu 100 za maji, na ukitaka mmea ukae katika asilimia 40 ya shibe, chungu kinapaswa kuwa na gramu 120 kila siku. Kila asubuhi pima, ongeza maji yaliyopungua, na uandike kiasi ulichoongeza. Vyungu vichache visivyo na mmea viwepo ili kuonyesha maji yanayopotea kwa kukauka kwa udongo peke yake.

Utaratibu huu unaondoa tatizo la mmea mdogo, kwa kuwa mimea yote inakaa katika ukavu mmoja bila kujali inakunywa kiasi gani. Njia nyingine, iliyo nafuu zaidi na ambayo mimi huipendelea kwa jaribio la kwanza, ni kupanda mmea wa jeni iliyoongezwa na ndugu yake asiye nayo katika chungu kimoja, ili mizizi yao inyonye udongo uleule. Yule anayenyauka mwisho hapo hana kisingizio cha kuwa na akiba yake pembeni. Usiache tu kumwagilia na kungoja nani atakufa katika vyungu tofauti. Kuhesabu waliobaki hai baada ya kumwagilia upya ni kipimo halali pale tu rekodi za uzito zinapoonyesha kwamba udongo wa pande zote ulikauka kwa kasi moja.

Hali ya maji ndani ya jani pimwe kwa kulinganisha uzito wake. Kata jani na ulipime papo hapo. Liloweshe katika maji yaliyosafishwa gizani kwa saa kadhaa hadi lishibe, lifute na kulipima tena. Kisha likaushe katika oveni ya nyuzi 70 hadi 80 mpaka uzito usibadilike. Jani lililokuwa na miligramu 500 bichi, miligramu 620 likishiba na miligramu 60 likikauka lina maji ya 440 kati ya 560 yanayowezekana, yaani takriban asilimia 79. Linganisha takwimu hizo katika siku ambazo vyungu vina ukavu sawa, si katika siku sawa za kalenda.

Pima pia kile ambacho mmea umelipa kwa ajili ya ustahimilivu. Stomata zilizofungwa hupunguza maji yanayopotea, lakini hupunguza pia hewa ya kaboni inayoingia kwa ajili ya usanisinuru, kwa hiyo protini inayozifunga mapema huokoa mmea wa maabara na inaweza kumpunguzia mkulima magunia. Kwa sababu hiyo kila koo ipimwe uzito mkavu na uzito wa mbegu katika hali mbili, ya dhiki na ya maji ya kutosha. Zungusha vyungu mezani kila siku mbili, maana kona iliyo karibu na feni hukauka kabla ya nyingine, na mtu mwingine aliyefichiwa majina ya koo ndiye apige alama za kunyauka.

Kutoka Arabidopsis hadi kwenye nafaka

Arabidopsis huzaa mbegu katika takriban wiki sita, na ndiyo sababu tumeitumia. Lakini haina punje ya kuliwa, na matokeo yake hayahami yenyewe. Ngano ya HB4 ni mfano wa safari nzima. Jeni ya HaHB4 ilitoka kwenye alizeti, ni ya familia ya HD-Zip, na ilitafitiwa na kundi la Raquel Chan huko Santa Fe nchini Argentina. Njia yake inatofautiana na ya DREB, kwa kuwa hupunguza usikivu wa mmea kwa ethileni na hivyo huchelewesha kuzeeka kwa majani, mmea ukiendelea kutengeneza chakula wakati wa ukame badala ya kufunga duka mapema. Argentina iliidhinisha ngano hiyo mwaka 2020, ikawa ngano ya kwanza iliyohamishiwa jeni kupata idhini ya kilimo cha biashara duniani.

Mahindi ya kustahimili ukame yaliyojaribiwa Makutupora mkoani Dodoma kuanzia mwaka 2016 mara nyingi hutajwa katika mazungumzo haya, na inafaa kusahihisha: jeni yake, cspB, imetoka kwa bakteria Bacillus subtilis, na protini yake hulinda RNA isikunjamane. Haiziongozi jeni kwa kushika promota, kwa hiyo isitumike kama ushahidi wa kufaulu au kushindwa kwa protini ongozi.

Anayetaka kufanya jaribio la shambani katika Afrika Mashariki aanze na sheria kabla ya mbegu. Kenya inaongozwa na Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 na mamlaka yake ya kitaifa. Tanzania ina kanuni za mwaka huohuo zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini kuhamisha jeni si njia pekee. SUB1A iliingizwa katika mpunga unaopendwa na wakulima wa India, Swarna, kwa kupandanisha kwa kawaida na kuchagua miche kwa alama za DNA kizazi baada ya kizazi, hadi aina ya Swarna-Sub1 ikatolewa kwa wakulima mwaka 2009. Ikiwa aina za jeni yako zenye nguvu zaidi zinapatikana katika mtama au mpunga wa kienyeji uliohifadhiwa katika benki za mbegu, tumia njia hiyo.

Shambani, tumia kipaa cha plastiki kinachoweza kusogezwa ili kuzuia mvua ya ghafla, au panda msimu wa kiangazi mahali penye umwagiliaji ili ukame uwe mikononi mwako. Zika vipima unyevu katika vina angalau viwili, kwa mfano sentimita 20 na sentimita 60, ufahamu kama koo zinazofaulu zimevuta maji ya chini zaidi. Gawa shamba katika vitalu, na katika kila kitalu upangie koo nafasi zao kwa kura. Andika siku ya kutoa maua ya kila koo, kwa sababu mmea unaochanua siku tano mapema unaweza kuwa umeukimbia tu ukame, na hapo jeni yako itakuwa imebadilisha kalenda bila kubadilisha ustahimilivu. Mwisho vuna, kausha punje hadi unyevu ulio sawa, na upime kilo kwa eneo katika vitalu vya ukame na vya umwagiliaji, kwa misimu isiyopungua miwili.